Siku ya Baiskeli Hafi Mtu

Kuna nchi moja, msiniulize ipi kwa sababu nina watoto wa kulea, iliyoamka siku moja ikaamua kuandaa mashindano ya baiskeli ya siku ishirini na moja. Waendeshaji mia moja na sitini kutoka kila pembe ya dunia wangeizunguka nchi nzima, kila siku hatua moja, kila jioni mji mwingine. Barabara iliyosubiri lami tangu enzi za babu zetu iliipata kwa siku kumi na nne, ingawa ni upande mmoja tu, ule ambao helikopta ya kamera ingeuona. Ng'ombe waliokonda walihamishwa. Milima miwili mikali ilifutwa kwenye ramani ili wageni wasiogope, na wananchi waliokuwa wakiishi juu yake wakaarifiwa kwa barua kwamba sasa wanaishi bondeni.

Serikali ile ni makini, tuipe haki yake. Waraka Namba Saba, uliohusu mwenendo wa wananchi kandokando ya barabara, ulikataza kuanika nguo, kubeba kuni kichwani, kukohoa kwa makundi, na katika aya ya kumi na moja, kufa. Nanukuu: "Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi ya Hatua ya Kwanza hadi gari la mwisho litakapopita, hairuhusiwi mtu yeyote kufariki ndani ya kilomita mbili kutoka barabarani. Mwenye sababu zisizozuilika atoe taarifa kwa maandishi siku saba kabla."

Sudi Mkongea, Afisa Mtendaji wa Kata ya Chekeleni, kilomita ya arobaini na moja, aliusoma waraka ule mara mbili na hakuona tatizo. Alikuwa mtu wa kutekeleza, si mtu wa kuuliza. Aliitisha mkutano, akausoma kwa sauti ya mkutanoni, kisha akaweka sahihi kwenye hati ya ahadi iliyosema: "Kata yangu haina mpango wa kufa."

Kila kata ilitakiwa kutoa washangiliaji mia nne, wenye namba, katika safu mbili, wamevaa fulana za njano zilizoandikwa kifuani TUNA FURAHA. Kipyenga kimoja kilikuwa tabasamu. Viwili, makofi. Vitatu, vigelegele. Siku ya mazoezi, Alhamisi, mgambo mmoja alipanda baiskeli ya muuza nyama akapita mara nne akijifanya msafara, na kata nzima ikamshangilia mpaka akaona haya.

Siku hiyohiyo ya mazoezi, mke wa Mzee Lugome, fundi majiko, alifariki. Makaburi ya Chekeleni yako ng'ambo ya barabara, na barabara ilikuwa imezungushiwa kamba. Mzee Lugome alikwenda ofisini kuomba njia. Sudi alimpa fomu. Akamwambia, kwa heshima zote, mzee wangu, utaratibu ni utaratibu, subiri tumalize. Mke wa watu akazikwa saa za magharibi. Sudi alikula chakula chake usiku ule na usingizi ukamchukua kama kawaida.

*

Ikafika siku yenyewe. Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, Bi Mwanakheri, mama yake Sudi, aliomba maji. Akanywa mafunda mawili, akageukia ukutani, akakata roho. Nusu saa kabla ya marufuku. Mama wa mtendaji, bwana, hata kufa alikufa kwa kufuata waraka.

Sudi alikuwa bado ameshika kikombe simu ilipolia. Alikuwa Daktari Pazi, Mkurugenzi wa Shamrashamra wa Taifa, akiulizia fulana.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," Sudi alisema, "mama yangu amefariki."

Zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

"Basi hakuna kosa. Nimefurahishwa sana na uzalendo wake. Fulana zimepigwa pasi?"

"Mheshimiwa, nataka kumzika. Makaburi yako ng'ambo ya barabara."

"Ndugu Mtendaji, kufa alikufa ndani ya muda, hilo nalipokea kwa moyo mweupe. Lakini kuzika ni mkusanyiko. Na mkusanyiko wowote usio wa kushangilia unaombewa kibali siku saba kabla."

"Siku saba kabla alikuwa mzima."

"Hapo ndipo mlipokosea," Mkurugenzi alisema kwa upole. "Vumilia kidogo. Baiskeli zitapita saa tano, wewe saa sita unazika. Mama hana haraka."

Sudi alikata simu. Alitaka kukaa chini alie kama watu wanavyolia, lakini nje mgambo walikuwa wameshaanza kupanga watu, na safu ya kushoto ilikuwa imepinda. Akatoka kwenda kuinyoosha.

*

Saa tano ilifika bila baiskeli. Huko mji mkuu, kwenye mstari wa kuanzia, kulikuwa na hotuba, na redio ya kata ilizileta zote bila kuacha hata koma. Mtukufu Kiongozi alieleza historia ya gurudumu, ambalo, kumbe, liligunduliwa na babu yake mzaa mama alipokuwa akitafuta kitu kingine. Wakafuata mawaziri thelathini na wanne, kila mmoja akimpongeza aliyemtangulia. Halafu kwaya. Halafu baiskeli zikaanza kubarikiwa, moja moja, zote mia moja na sitini, na nusura hata pikipiki ya polisi ibarikiwe kwa makosa.

Sudi hakutulia. Alikwenda nyumbani, akakuta mama ameshaoshwa, ameshavishwa sanda, jeneza liko uani chini ya turubai. Akarudi barabarani, redio ikasema wamebariki baiskeli ya ishirini na sita. Akarudi nyumbani, ubani umeisha. Akarudi barabarani. Jua lilikuwa limeshapanda, lami mpya ilikuwa inanuka na kunata viatu, na kila alipofika kwenye kamba mgambo walimpigia saluti, hawampishi. Mgambo hao aliwafundisha mwenyewe. Aliwaambia kwa mdomo wake kwamba kwenye lami ile asivuke mtu, mbuzi wala kuku.

Ubaya zaidi ulikuwa vipyenga. Kila baada ya dakika ishirini msaidizi wake alipuliza vitatu ili watu wasipoe, vigelegele vikapanda barabarani, na papo hapo kutoka uani wanawake wakaachia kilio. Vikachanganyika. Ungesimama katikati usingejua harusi ni ipi na msiba ni upi. Sudi, aliyesimama katikati, alihisi kichwa kinataka kupasuka.

Aliporudi uani mara nyingine alimkuta Mzee Lugome ameketi kwenye mkeka karibu na jeneza, amevaa fulana yake ya njano kama alivyoagizwa.

"Pole, Bwana Mtendaji," alisema. "Nimekuja kuzika."

"Bado kibali, mzee wangu."

"Najua. Alhamisi na mimi uliniambia hivyo. Nikakaa mpaka magharibi namfukuzia nzi mke wangu kwa gazeti lenye picha ya baiskeli."

 Sudi aliona haya, na haya ile ilimuuma kuliko jua.

"Nilikukosea, mzee."

"Ulinikosea," Mzee Lugome aliitikia, wala hakumpunguzia. "Sasa tafuta na wewe gazeti."

*

Saa saba na nusu redio ilitangaza kwamba baiskeli zimeondoka. Saa nane kasoro ukafika msafara wa mbele, yale magari yanayotangulia mashindano yakirusha pipi na kofia, na kutoka gari la kwanza akashuka Mkurugenzi Pazi mwenyewe, na suti yake na kipaza sauti chake cha betri. Alitembea kati ya safu mbili akihesabu kwa kalamu. Alipofika mwisho alikunja uso.

"Mia tatu tisini na tisa," alisema. "Ndugu Mtendaji, kuna pengo."

Kisha macho yake yakavuka uzio mpaka uani.

"Na yule aliyelala pale, mbona hayuko mstarini?"

"Ndiye mama."

"Ah. Pole sana." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Jina lake limo kwenye orodha?"

"Limo. Namba mia mbili na kumi na mbili. Lakini, Mheshimiwa..."

"Basi tumemaliza. Kiti kipo? Mketishe kivulini, mpe kibendera, mvisheni fulana juu ya hiyo nguo nyeupe. Baiskeli zinapita kwa kasi, hakuna atakayemkagua. Wazee wanaruhusiwa kushangilia kimya kimya, aya ya tisa."

Alisema hayo bila ubaya wowote, kama mtu anayemsaidia mwenzake kubeba mzigo. Dereva akapiga honi, Mkurugenzi akapanda gari, wakaenda zao kukagua kata inayofuata.

Sudi akasimama uani anaangalia jeneza. Mle ndani alikuwamo mwanamke aliyemzaa na kumlea kwa kuuza maandazi, aliyemfundisha kuamkia wakubwa na kutii serikali. Alimtii, na akaitii. Miaka ishirini na miwili alitekeleza amri za serikali bila kuacha nukta, na leo serikali ilikuwa inamwomba kiti.

"Inueni," alisema.

Hakuna aliyeuliza mara mbili. Mzee Lugome alitoka safuni, akashika mbele kulia.

Kwenye kamba, mgambo alisimama wima.

"Kibali, Bwana Mtendaji?"

"Sina."

"Ulituambia bila kibali hata kuku asipite."

"Niliwaambia. Sasa nakwambia shusha kamba."

Mgambo alimtazama mkuu wake, akalitazama jeneza. Alivua kofia, akaidondosha kamba, na badala ya kupisha akaingiza bega lake chini ya mti wa jeneza.

*

Lango la makaburi halikuwa mkabala na nyumba. Lilikuwa hatua mia tatu kuteremka barabara. Basi jeneza likashika lami. Washangiliaji wote mia tatu tisini na tisa wakaacha safu zao, wakalifuata, na fulana zao TUNA FURAHA vifuani. Walipokezana kama ilivyo desturi, kila mtu hatua saba na kumpisha mwenzake, kwa sababu kubeba maiti ni thawabu na hakuna aliyetaka kuikosa. Msaidizi mwenye kipyenga alikitazama kipyenga chake, akakitia mfukoni.

Wakati huo, nyuma ya kona, alikuwa anakuja Kashindye. Kijana huyu alikuwa mtoto wa nchi ile, aliyepeleka maziwa kwa baiskeli miaka tisa kabla timu ya wageni haijamwona. Alikuwa amewaacha wenzake dakika nne nzima. Hakuna mtu wa nchi ile aliyewahi kushinda hatua yoyote ya mashindano yoyote, na mkuu wa timu yake alikuwa anampigia kelele kwa redio ndogo ya sikioni, kanyaga, kanyaga, leo ni leo.

Akatokeza kona akaona jeneza.

Kwao Kashindye, jeneza halipitwi juu ya gurudumu. Hata uwe unapeleka maziwa yanayochacha. Alifunga breki, akashuka, akaiegemeza baiskeli ile ya thamani kubwa kwenye nguzo, akachomoa sikioni ile sauti iliyokuwa ikipiga kelele, akaja mpaka karibu na Sudi.

"Nani huyu, kaka?"

"Mama yangu."

"Mungu amrehemu," Kashindye alisema, akaingiza bega.

Dakika nne zikaisha. Wale mia moja na hamsini na tisa wakatokeza kwa pamoja, wakamwona aliyekuwa mbele yao anatembea kwa miguu chini ya jeneza, na nyuma yake kata nzima. Wageni nao wana adabu zao: aliyeko mbele akishuka kwa heshima, hapitwi. Mmoja akashuka, kisha watano, kisha wote. Viatu vyao vyenye vyuma kwenye soli viligonga lami kama kundi la mbuzi, na baadhi yao, walipooneshwa kwa ishara, wakaingia kwenye zamu, hatua saba saba, wakihesabu kwa lugha zao. Juu yao helikopta ilizunguka. Dunia nzima ilikuwa inatazama.

Bi Mwanakheri akazikwa. Waendeshaji walijipangusa mchanga, wakapanda baiskeli, wakaenda. Siku ile Kashindye alimaliza wa tisini na moja.

*

Sudi alingoja kukamatwa. Alikaa matangani tangu alasiri, nguo zake kwenye mfuko, akishtuka kila gari likipita. Taarifa ya habari ya saa moja ilipoanza, kila mtu alinyamaza.

Mtangazaji alisema Hatua ya Kwanza ilifana kuliko hatua ya kwanza yoyote duniani. Watazamaji wa nchi hamsini walibubujikwa machozi kwa igizo la utamaduni lililoandaliwa na Kurugenzi ya Shamrashamra katika kilomita ya arobaini na moja, lenye jeneza la maigizo na waigizaji mia nne. Alimsifu hasa mwigizaji mkuu, Bi Mwanakheri wa Chekeleni, kwa kutulia kwake. Akamalizia kwamba katika hatua nzima, kwa mujibu wa waraka, hakufa mtu.

Haikupita saa, Mkurugenzi Pazi akaingia na shada la maua na barua. Sudi alikuwa amepandishwa cheo. Kuanzia Hatua ya Pili hadi ya Ishirini na Moja angekuwa Msimamizi Mkuu wa Igizo la Msiba, kila siku kata nyingine.

"Wameomba lilelile," Mkurugenzi alisema, uso unang'aa. "Na majonzi yaleyale. Hasa yale majonzi."

"Mheshimiwa, lile halikuwa igizo."

Mkurugenzi alikaa kwenye mkeka, karibu, kama ndugu.

"Ndugu Mkongea, usiniweke pabaya. Kama halikuwa igizo, basi kuna mtu amezikwa bila kibali, ndani ya muda wa marufuku. Itanibidi nilete watu na majembe, tufukue, tuhakiki. Unataka tufukue?"

Sudi aliangalia maua yale. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi chini ya kucha zake.

"Gari litanichukua saa ngapi?" aliuliza.

*

Kilomita ya sitini na tatu ya Hatua ya Pili kata ilikuwa nyingine, lakini fulana zilikuwa zilezile. Jeneza lilikuwa jipya, limepakwa vanishi, limewekwa katikati ya barabara. Wanawake walikuwa wamefundishwa usiku kucha: kipyenga kimoja, kwikwi, viwili, kilio, vitatu, kujitupa chini. Mkurugenzi alikuwa amesimama juu ya boneti ya gari na kipaza sauti chake, akilalamika kwamba kwikwi za upande wa kulia ni nyepesi.

Sudi alizunguka jeneza, akanyoosha shuka, akazunguka tena. Hakuweza kusimama mahali pamoja. Ndani alilala Bi Siwema, mama wa makamo ya mama yake, aliyewashinda wenzake kumi na mmoja kwa uwezo wa kulala bila kukohoa. Alikuwa na furaha ya dhati. Alifunua shuka kidogo, akamwita kwa kidole.

"Shikamoo, mama," Sudi alisema, akainama.

"Marahaba, mwanangu. Ati wewe ndiye mtoto wa yule aliyelala jana?"

"Ndiye mimi."

"Nilimwona kwenye televisheni pale shuleni. Maskini, alijua kulala. Hakutikisika hata mara moja, watu wanapokezana, wale Wazungu wanayumba, yeye kimya. Nikasema huyu mwanamke ni hodari." Alishusha sauti ili Mkurugenzi asisikie. "Sasa mimi, mwanangu, nina mgongo mbovu, na ubao huu ni mgumu. Mama yako alipotoka mle ndani, mgongo haukumuuma?"

 Jibu la waraka Sudi alikuwa nalo, lilikuwa rahisi, na kaburi lingekuwa salama.

"Hajatoka, mama," alisema.

"Hajatoka?"

"Hajatoka."

Bi Siwema aliisukuma shuka pembeni. Kisha akaketi mle ndani ya jeneza, akaifunga vizuri khanga yake, akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili. Alikaa chini kwenye lami, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wanawake matangani, akamvuta Sudi mkono.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Nani amelia na wewe?"

Sudi akakaa. Akaweka kichwa begani kwa yule mama asiyemjua, akalia kwa sauti, akimwita mama yake kwa jina. Bi Siwema naye akalia. Wanawake wa safu ya kulia walitazamana, wakaangusha vibendera, wakaanza kulia bila kupulizwa kipyenga.

"Safi sana, Msimamizi," kipaza sauti kilisema kutoka juu ya gari. "Hivyo hivyo. Msipoe."

Baiskeli zilikuwa zimebakiza kilomita tisa.